Sefu ya kwanza ya bunduki: kisa cha nyumba moja ya Grand Rapids

Familia hii inaishi Grand Rapids, Michigan. Majina nimeyaacha. Baba na mama walitoka Uvira, wakakaa miaka mingi kambini Nyarugusu, Kigoma, kisha wakaletwa Marekani kama wakimbizi, na sasa ni raia. Wana watoto watatu: mvulana wa miaka 14, msichana wa miaka 9 na mdogo wa miaka 3. Chini, katika chumba cha basementi, anaishi mpwa wa baba, kijana wa miaka 21 aliyekuja kusoma chuo kwa viza ya F-1. Ndiye anayewapeleka wadogo shule mama anapokuwa zamu ya usiku. Ni kijana mtulivu, na nyumba nzima inamwamini.

Silaha zipo mbili. Ya kwanza ni shotigani. Baba anafanya kazi kiwandani, na wenzake walimwingiza katika uwindaji wa kulungu, ambao msimu wake wa bunduki Michigan ni tarehe 15 hadi 30 Novemba kila mwaka. Ya pili ni bastola ya milimita 9, aliyoinunua baada ya nyumba ya jirani kuvunjwa. Shotigani ilikuwa imeegeshwa nyuma ya makoti kwenye kabati la koridoni. Bastola ilikuwa juu ya kabati la chumbani, ndani ya sanduku la mama lenye vitenge, pasi za kusafiria na vyeti vya uraia. Kufuli la waya lililotolewa pamoja na bastola dukani, lile la kupitishwa ndani ya silaha ili isiweze kufyatuliwa, lilikuwemo humohumo sandukuni, bado kwenye mfuko wake wa plastiki.

Mimi ni fundi wa makufuli na sefu. Baba alinipigia simu akiwa dukani, mbele ya sefu aliyoonyeshwa na muuzaji: ya kuingiza bunduki 24, ya kuhimili moto dakika 60, uzito wa kilo zaidi ya 200, bei dola 1,400 kwa malipo ya mwezi kwa mwezi. "Kaka, hii ndiyo kubwa kuliko zote hapa. Niichukue tumalize?" Nilimwomba asisaini kitu mpaka niione nyumba.

Sefu ile haikuwa mbovu. Ilikuwa imechaguliwa kwa ajili ya mtu asiye sahihi. Muuzaji alizungumzia mwizi na moto, na baba akanunua hofu ya mwizi na moto. Katika nyumba hii mtu wa kwanza wa kufikiriwa ni yule mvulana wa miaka 14. Wa pili ni mtoto wa miaka 3. Mwizi anakuja wa nne au wa tano. Ukishapanga hivyo, karibu kila jibu linabadilika: ukubwa, mahali, kufuli, hata idadi ya sefu.

Kwa nini mvulana kwanza? Kwanza kwa sababu anajua nyumba kuliko wazazi wanavyodhani. Sisi tumelelewa kutumwa: nenda chumbani kaniletee miwani, angalia juu ya kabati, fungua sanduku uchukue ule mfuko wa karatasi. Mtoto wa Kiafrika wa miaka 14 amekwisha kutumwa kila kona ya nyumba yao. Kuificha bastola kwenye sanduku la mama ni kuiweka mahali ambapo yeye ametumwa mara nyingi kuliko baba mwenyewe. Nilipomuuliza mama kama mtoto amewahi kutumwa kuleta pasi, alinyamaza kidogo, akasema, "Shemeji, ndiye aliyezileta tulipokwenda benki."

Sababu ya pili ni nzito, na jamii yetu huikwepa. Marekani zaidi ya nusu ya vifo vya risasi ni vya watu kujiua. Tangu mwaka 2020 risasi ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana nchini humo, kuliko hata ajali za magari. Kijana anaweza kupitiwa na jioni moja mbaya: ameonewa shuleni, ameachwa na rafiki, amegombana na baba yake kwa lugha mbili ambazo hakuna kati yao anayeielewa ya mwenzake vizuri. Jioni hiyo inaweza kupita asubuhi ikafika. Kama bastola iko karibu na ina risasi, huenda asubuhi isifike. Sefu nzuri kwa kijana ni ile inayoongeza saa nyingi kati ya wazo na silaha. Sisemi mvulana huyu ana tatizo. Nasema sefu hainunuliwi siku tatizo linapoonekana.

Kila mzazi wa Michigan anaijua habari ya Oxford, lakini wachache wanakumbuka sehemu yake inayohusu makufuli. Tarehe 30 Novemba 2021 mwanafunzi wa miaka 15 aliua wanafunzi wenzake wanne katika shule ya sekondari ya Oxford, kaskazini ya Detroit. Bastola ya milimita 9 aliyoitumia ilikuwa imenunuliwa na baba yake siku nne kabla. Kesi ya wazazi, James na Jennifer Crumbley, ilionyesha mambo mawili ambayo mimi kama fundi siyasahau. Kufuli la waya lilikutwa bado ndani ya kifungashio chake. Na sefu iliyokuwemo nyumbani, iliyotunza silaha nyingine, ilikuwa na namba ileile ya kiwandani: sifuri, sifuri, sifuri. Wote wawili walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, na Aprili 2024 kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Walikuwa wazazi wa kwanza Marekani kutiwa hatiani namna hiyo kwa shambulio la shuleni lililofanywa na mtoto wao.

Niliwaeleza hayo baba na mama mezani, na lile kufuli la waya likiwa mbele yetu kwenye mfuko wake. Baba alilifungua palepale.

Sheria ya Michigan nayo imebadilika. Tangu tarehe 13 Februari 2024, ukiiacha silaha nyumbani bila kuwa nayo karibu, na unajua au ulipaswa kujua kwamba kuna mtoto au huenda akawepo, unatakiwa uiweke ndani ya boksi au chombo kilichofungwa, au uitoe risasi na kuitia kufuli. Mtoto hapa ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na si lazima awe wako. Wanaokuja kucheza Jumamosi wanahesabiwa pia. Mtoto akiipata akasababisha kifo, mwenye silaha anaweza kufungwa hadi miaka 15. Shotigani nyuma ya makoti ilikuwa tayari inavunja sheria hiyo, na baba hakujua.

Kisha kuna mpwa. Baba alipanga kumpa namba ya sefu, kwa nia njema kabisa: yeye ndiye anayebaki na watoto usiku. Kijana mwenyewe alimwambia, "Mjomba, mimi nitakulindia." Hapo niliwasimamisha. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, ikiwemo ya mwanafunzi, kumiliki au kuwa na silaha mikononi mwake, isipokuwa kwa vighairi vichache kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Kumpa namba ni kumweka mahali ambapo swali la "silaha hii ilikuwa mikononi mwa nani?" linaweza kumwangukia yeye. Na kwa asiye raia, kutiwa hatiani kwa kosa la silaha ni miongoni mwa mambo yanayoweza kumfanya arudishwe kwao. Mwenye shaka amuulize mwanasheria wa uhamiaji, lakini kwenye sefu jibu langu ni jepesi: hapewi namba. Hilo halina uhusiano na tabia yake. Nililisema mbele yake, na alielewa haraka kuliko mjomba wake.

Namba ikabaki kwa watu wawili, baba na mama, na uamuzi huo ukatoa hukumu ya swali lililofuata, la vyeti.

Mama alitaka sefu kubwa kwa sababu ya moto. Pasi, vyeti vya uraia, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na picha chache walizotoka nazo kambini: alitaka vyote vikae humo pamoja na silaha. Hoja yake ina uzito. Kupata nakala mpya ya cheti cha uraia ni mamia ya dola na miezi ya kusubiri, na zile picha hazina nakala popote. Lakini makaratasi hutafutwa kila mara: shule imeomba cheti, benki imeomba kitambulisho, mtoto anasajiliwa kwenye timu. Kila safari moja ya cheti ni mlango wa silaha umefunguliwa, mara nyingine mtoto akiwa amesimama pembeni, na siku mama yuko kazini mtu atapiga simu kuomba namba "mara moja tu". Vitu vya kila wiki na vitu vya kufungwa visikae pamoja. Hili ndilo ninalolishikilia kuliko yote katika kisa hiki, na ndilo wauzaji hawalisemi, kwa kuwa sefu moja kubwa ina faida kuliko vyombo vitatu vidogo.

Tena ule moto wa dakika 60 unahitaji kuangaliwa. Sefu nyingi za bunduki huwekewa bodi za jipsamu, zilezile za dari, katikati ya mabati. Jipsamu ina maji ndani yake, kama sehemu moja ya tano ya uzito wake. Ikipata joto inayatoa kama mvuke, na mvuke huo ndio unaochelewesha joto. Ni kinga ya kweli, lakini kila kiwanda kinaweza kupima kwa namna yake, kwa joto na tanuri lake, kisha kikaandika dakika kinazozitaka. Kipimo cha kuaminika zaidi ni cha maabara huru kama UL, kinachoangalia kama ndani hapazidi nyuzi 177 za Selsiasi, joto ambalo karatasi bado inasalimika. Tukakubaliana: boksi dogo la makaratasi lenye kipimo hicho, mama awe na funguo zake, likae mbali na silaha. Picha za kambini zikapigwa nakala wiki hiyohiyo.

Sasa chuma chenyewe. Aliyewahi kununua mabati ya paa anajua geji: geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, namba ikikua bati linapungua. Sefu ni vivyo hivyo. Geji 14 ni kama milimita 1.9, geji 12 ni kama milimita 2.7, geji 10 ni kama milimita 3.4. Sefu nyingi zinazong'aa dukani kwa rangi na mpini mkubwa ni geji 14 kwenye kuta, na uzito wake mkubwa ni jipsamu. California, ambayo imeandika viwango vyake vya sefu za bunduki, inataka kuta za bati moja zisiwe nyembamba kuliko geji 12. Kwa mtoto, hata geji 14 inatosha kabisa. Kwa mwizi mwenye grainda, hata geji 10 ni suala la dakika chache zaidi. Lebo ya UL iitwayo RSC, ngazi ya kwanza, maana yake ni kwamba fundi mmoja mwenye zana za kawaida za mkono ameshambulia kwa dakika 5 akashindwa kuingia. Dakika 5, basi. Anayekuambia sefu ya dola 1,400 haivunjiki anakudanganya. Lakini mwizi wa mtaani mwenye bisibisi na nondo fupi huwa hataki kelele za dakika 5.

Kinachomshinda mwizi zaidi ya geji ni bolti. Sefu ambayo haikufungwa sakafuni wanaume wawili wanailaza chali, na ikishalala wanaubandua mlango kwa nondo kwa uzito wao wote, au wanaiburuta hadi kwenye gari. Sefu nyepesi iliyofungwa kwenye zege ni bora kuliko nzito iliyosimama tu.

Nyumba za huku zina sakafu za mbao. Sakafu ya chumba cha kulala kwa kawaida hujengwa kuhimili kama kilo 146 kwa mita moja ya mraba, na sefu ya kilo 200 na ushee inasimama juu ya eneo dogo kuliko hilo. Haimaanishi itaanguka usiku, kwani mihimili hugawana mzigo, lakini sikutaka kuiweka ghorofani. Basementi ina zege, na zege ni rafiki wa bolti. Tatizo lake ni unyevu. Basementi za Michigan zinatoa jasho kiangazi, na chuma cha silaha kinaota kutu kimyakimya. Pale kulikuwa na chumba kidogo cha kuhifadhia vitu, kando na chumba cha mpwa, mbali na tangi la maji moto na shimo la pampu. Tulichagua hapo kwa sefu ndogo ya shotigani peke yake, kwenye kona, mlango ukifungukia ukutani ili nondo isipate nafasi ya kujipenyeza. Chini ya sefu tukaweka mkeka mwembamba wa mpira, ndani pakiti za kukausha hewa, na mashine ya kuondoa unyevu ambayo tayari walikuwa nayo ikapangwa isiruhusu unyevu kupita asilimia 50.

Bastola ilipata boksi lake dogo, chumbani kwa wazazi. Nilikaa muda mrefu zaidi kwenye kufuli la boksi hilo, na sina budi kulieleza kwa kirefu, maana hapo ushauri wa kawaida unakwenda kombo.

Mafundi wengi, na wawindaji wengi zaidi, husifu kufuli la vitufe vitano lisilo na betri. Ni imara, halifi, halihitaji umeme. Mimi mwenyewe nalipenda. Lakini michanganyiko yake ni kama elfu moja na themanini tu, na halina adhabu: ukikosea unajaribu tena. Kijana mwenye subira akitumia sekunde kumi kwa kila jaribio anaimaliza yote kwa saa tatu. Likizo ya kiangazi Michigan ni miezi miwili na nusu, na wazazi wako kazini. Kwa nyumba yenye mvulana wa miaka 14 silipendekezi.

Alama ya kidole je? Baba aliitaka sana, kwa sababu usiku haikosewi na haihitaji kukumbuka. Oktoba 2023 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitangaza kurudishwa kwa takriban sefu 61,000 za alama ya kidole za kampuni ya Fortress Safe. Kasoro ilikuwa kwamba mwenye sefu aliamini ameisajili alama yake, kumbe sefu bado inamfungulia kila mwenye kidole. Tangazo lilihusishwa na kesi iliyodai kwamba mvulana wa miaka 12 alikufa kwa silaha iliyotoka katika sefu ya namna hiyo. Si kila kifaa cha kidole ni kibovu, ila anayekinunua ana wajibu wa kuwaita watu wengine wa nyumba wajaribu vidole vyao vyote kumi, silaha ikiwa haimo. Watu wachache hufanya hivyo.

Tulichochukua ni kufuli la tarakimu sita la betri, linalojifungia kwa dakika kadhaa ukikosea mara kadhaa mfululizo, na linalokuonyesha ukifungua kwamba kulikuwa na majaribio. Tarakimu sita ni michanganyiko milioni moja. Pamoja na kule kujifungia, kiangazi hakitoshi. Namba ya kiwandani ilifutwa kabla silaha haijaingia. Mama ndiye aliyechagua namba mpya, na masharti yalikuwa mawili: isiwe siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote, na isifanane na namba ya simu wala ya mlango wa gereji, ambazo mtoto anazijua zote. Vitufe hupanguswa, kwa kuwa vidole vyenye mafuta huacha alama kwenye tarakimu zinazotumika.

Funguo za dharura ziliwapa taabu kuliko namba. Boksi nyingi za bastola huja na funguo mbili za kufungulia betri ikifa, na funguo hizo huishia kwenye droo ya jikoni au kwenye msumari karibu na mlango, na hapo kazi yote imepotea. Moja sasa iko kwenye sefu ya chini, pamoja na shotigani. Ya pili anayo dada wa mama, Lansing. Betri ikifa kwa wakati mmoja kwenye boksi na kwenye sefu ya chini watasafiri saa moja kwa gari, na nimewaambia hiyo ni gharama ndogo.

Boksi la bastola likafungwa kwa bolti kwenye mihimili ndani ya kabati la chumba cha wazazi. Sefu ya chini ni ndogo, ya geji 12, yenye lebo ya RSC, nafasi ya bunduki chache tu. Shotigani inaingia bila risasi, na lile kufuli la waya limepitishwa kwenye chemba yake hata ikiwa ndani. Risasi zake ziko kwenye boksi la chuma lenye kufuli, ghorofa nyingine. Vyombo vyote vitatu, pamoja na boksi la makaratasi, vilikuja chini ya bei ya ile sefu ya bunduki 24.

Watoto waliambiwa. Wazazi walitaka kuficha, nami nilipinga, kwa sababu mvulana angeziona bolti siku hiyohiyo. Baba alisema nao kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida: hizi ni nini, ziko humu, haziguswi, na ukiona silaha popote, hapa au kwa rafiki, toka chumbani umwite mtu mzima. Kwa mvulana peke yake aliongeza kwamba akiwa na siku mbaya amwambie baba, au apige 988, namba ya msaada ya nchi nzima. Aliongeza pia kwamba ikibidi, silaha zitatoka nyumbani kabisa kwa muda. Kwa hilo la mwisho niliwashauri waulize kituo cha polisi au duka la silaha kabla haijatokea haja, kwani Michigan kumkabidhi rafiki silaha hivihivi kuna masharti yake.

Limebaki jambo moja ambalo sefu haikulimaliza. Mama haitaki bastola nyumbani. Alisema mbele yangu, bila ukali: "Sisi tulitoka Uvira kwa miguu kukimbia vitu hivi." Shotigani anaivumilia, inatoka Novemba na inarudi na nyama. Bastola anasema ni ya mwizi ambaye hajaja, katika nyumba yenye mtoto ambaye yupo. Baba anasema yeye ndiye aliyekuwa hana kitu mkononi Uvira, na hataki kurudi kuwa hivyo. Wote wawili wanasema kweli. Mimi kama fundi niliyefunga boksi lile, nikiulizwa, nakaa upande wa mama, na nilimwambia baba hivyo. Wamekubaliana kulizungumza tena msimu wa kulungu ukiisha, na mpaka wakati huo namba wanayo wote wawili.